Kichuguu cha Muheto

Nilikwenda Muheto kumlilia Faustin, na kabla kikombe changu hakijaisha nilikuwa nimeshagombana na kijana nisiyemjua. Nilikuwa nimekaa kwenye ubao chini ya hema la matanga, nimeshika mashanza, yale maziwa yaliyoganda ambayo watu wa vilima vya Masisi humpa mgeni hata kabla ya kumuuliza jina, na nyuma yangu kijana mmoja alikuwa akiwahadithia wenzake. "Huyu muzee mulimuonaka hivi hivi tu," alisema. "Alipanda ndege, akaenda kuruka Ulaya mbele ya bazungu. Balimupigia makofi mpaka mikono ikabauma." Mwenzake akaongeza kwamba hata mfalme wa huko alikuwepo, na mfalme naye alisimama kumpigia makofi. Niligeuka na kuuliza, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa kwenye kilio, "Nani amekuambia hiyo?" Kijana akainamisha kichwa. "Jambo, Papa. Ni batu bote banajua." Watu wote wanajua! Mimi ndiye niliyepanda ndege ile. Mimi ndiye niliyekwenda kwenye mashindano ya mataifa, mimi Anselme wa Buleusa, na makofi yale, kama yalikuwa makofi, nilipigiwa mimi. Nikaweka kikombe chini, nikatoka nje kwenye mvua ndogo, nikaanza kutembea huku na huku nyuma ya nyumba ya marehemu, kwa maana miguu yangu haijajua kutulia tangu mwaka ule.

Habari za ukoo wangu nimeshazisema kwingine, na hazina haja hapa. Mwaka ule tulikuwa wanafunzi katika shule ya walimu ya misheni pale Masisi, miaka michache kabla ya uhuru, na tulilala kwenye chumba cha mbao za mikaratusi ambazo hazikukauka vizuri, kwa hiyo ziliachana na kuacha nyufa. Kitanda cha Faustin kilikuwa upande mmoja na changu upande mwingine, na nyuma ya kichwa changu ndipo kilipokuwa chumba cha Frère Odilon, bruda wa misheni, mwalimu wetu wa hesabu na wa michezo. Kupitia zile nyufa tulisikia kila kitu: kikohozi chake, sala zake, hasira yake kwa panya. Faustin alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kula polepole. Mimi nilikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima, mtu wa msitu, nimetembea kutoka kwetu Buleusa, huko Walikale, nikipanda vilima huku nikilaani baridi, na nilikula haraka kana kwamba sahani itakimbia. Alinicheka kwa hilo. "Weye, Anselme, maharagi haina miguu," aliniambia siku ya kwanza, nami nikamjibu kwamba kwetu chakula kina miguu, na mtu asipokiwahi kinarudi porini. Ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Mambo yalianza Pasaka, hapa hapa Muheto, kwenye ua huu ambao leo umejaa viti vya plastiki. Faustin alitualika nyumbani kwao mimi na Frère Odilon. Mama yake alitupatia maharage yaliyopikwa na siagi ya ng'ombe, na ugali wa mihogo, na baada ya kula watu wote wa kilima wakatoka uani kutazama vijana wakiruka. Sikuwahi kuona mambo yale. Kwetu Buleusa mtu anaruka gogo kwa sababu gogo limeziba njia. Hapa walikuwa wamechomeka nguzo mbili zenye panda, wakaweka ufito juu, na mbele ya ufito, upande wa kushoto, palikuwa na kichuguu. Si kichuguu cha mchwa hasa. Ni udongo uliochukuliwa kwenye kichuguu, ukalowanishwa, ukapigwa kwa magongo mpaka ukawa mgumu kama kizingiti, urefu wake kiganja kimoja tu. Mrukaji anakuja mbio, anakanyaga pale kwa mguu mmoja, na hapo ndipo anapaa. Akishuka, anashuka amesimama. Anayeanguka chini, hata kama amepita juu ya ufito, wazee wanamcheka na wanawake wanafunika midomo.

Faustin aliruka mwisho. Sina namna nyingine ya kusema ila hii: alipita juu ya ufito uliokuwa juu ya kichwa chake mwenyewe, akatua amesimama, akavuta shati lake lililopanda mgongoni, akaenda kunywa maji. Frère Odilon alikuwa na mashine yake ya kupigia picha, na alimpata Faustin akiwa hewani, magoti kifuani, kichuguu kikionekana vizuri chini yake. Mimi nilishindwa kusimama mahali pamoja. Nilitaka kuruka. Nilivua koti, nikakaza mkanda, nikaanza kwenda kule walikoanzia mbio, na ndipo Faustin aliponishika mkono. "Ngoja, kaka," alisema. "Kichuguu iko ya nyumba. Mugeni hapandake mpaka mwenye nyumba anamuambia 'Panda.' Papa atakuambia." Nikangoja. Baba yake alinitazama akiwa na tabasamu, akafungua kinywa, na mvua ya Masisi, ile isiyobisha hodi, ikatumwagikia wote. Tulikimbilia ndani, na siku ikaishia hapo. Sikuambiwa "Panda." Nilirudi Masisi nikiwa na donge la hasira kwa mvua, jambo la kijinga, lakini nilikuwa kijana.

Wiki chache baadaye Frère Odilon aliingia darasani akiwa amesahau chaki. Alikuwa ameipeleka ile picha Bukavu, kwa bwana mmoja aliyesimamia michezo, na bwana yule alikuwa amejibu kwamba kuna mashindano makubwa ya mataifa Ulaya mwaka ule ule, na kwamba angependa kijana mmoja mrukaji kutoka vilimani kwetu apelekwe. Kijana mmoja. Darasa zima likamgeukia Faustin, naye akatazama mikono yake. Mimi nilimpongeza kwa moyo mweupe, nasema kweli, kwa sababu wakati huo halikuwa jambo langu.

Lilikuja kuwa langu kwa sababu Frère Odilon alikuwa mtu wa haki. Alitafuta sheria za mchezo, akazisoma, akaja uwanjani na uso wa mtu aliyefiwa. Kwenye mashindano ya mataifa, alisema, mrukaji anaruka kutoka ardhi iliyo sawa. Hakuna kichuguu. Kijana wake asingekwenda kuaibishwa mbele ya dunia kwa kukatazwa. Basi akafunga kanzu yake kwa kamba kiunoni, akachukua jembe mwenyewe, na kile kichuguu tulichokuwa tumeanza kukijenga pembeni ya uwanja wa shule akakisawazisha mpaka majani yangeweza kuota. Kisha akasema, "Faustin, ruka." Faustin akaja mbio, mguu wake ukatafuta pale ulipozoea, ukakuta pamelala, na akaingia kwenye ufito kwa kifua. Tulicheka, yeye akacheka pia. Akarudia. Akarudia tena. Jioni ile hakuna aliyekuwa anacheka. "Anselme, jaribu weye," alisema Frère, ili tu Faustin apumzike. Nikaruka kama ninavyoruka gogo, na nikapita.

Kuanzia siku ile chumba chetu kilikuwa kidogo. Faustin aliamka kabla ya kengele, akatoka nje kwenye ukungu, nikamsikia akikimbia na kusimama, akikimbia na kusimama. Akirudi alikaa kitandani akisugua wayo wa mguu wa kushoto. "Miguu yangu inatafuta kile kichuguu," aliniambia. "Kichwa inajua haiko, lakini mguu haisikilizake." Nilimwambia azoee, ni suala la kuzoea. Alinijibu bila ubaya: "Weye haukuwa na kitu ya kusahau." Neno hilo liliniuma, na limeniuma miaka yote, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nami sikulala vizuri pia. Nilitaka kwenda Ulaya. Sitaki kujifanya mtakatifu: nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nilitaka kusimama kwenye mstari mmoja na warukaji wa mataifa yote, ufito mmoja, ardhi moja, na nipimwe kama wao. Nilipokuwa nikila nilikuwa naruka, nilipokuwa nasali nilikuwa naruka. Kila asubuhi nilipomsikia akikimbia kwenye ukungu nilimwombea afaulu, na nikatega sikio kusikia kama ufito umeanguka. Ulipoanguka nilifurahi, kisha nikajichukia, kisha nikatoka nje kumsaidia kuurudisha.

Bwana wa michezo alikuja Masisi mwenyewe, kwa gari, viatu vikiwa vimejaa matope. Alitoa ile picha mfukoni, akaitazama, akatazama uwanja, akaitazama tena. Tuliruka. Faustin alijitahidi mpaka jasho likamtiririka katika baridi ile, lakini ufito ulipofika kwenye kidevu chake mguu ulitafuta tena mahali pake, na safari ile ufito ulivunjika. Mimi nilipita, nikaanguka nyuma yake kwa tako, jambo ambalo Muheto wangelicheka mpaka jioni. Bwana hakupiga makofi. Alimuuliza Frère kwa Kifaransa kile kilima kidogo kiko wapi. Frère alijibu kwa fahari kwamba wamekiondoa, vijana hawa sasa wanaruka kwa sheria za dunia. "Bon. Sawa," alisema bwana, akairudisha picha mfukoni.

Wakati wa chakula cha jioni walizungumza chumbani kwa Frère, na sisi tukakaa kimya na sahani zetu mapajani, masikio kwenye nyufa. Frère aliuliza kama kweli Anselme ataandikishwa pamoja na warukaji wengine. "Atakuwa uwanjani pamoja nao," alisema bwana, "siku hiyo hiyo, watu wote wakimwona." Faustin alinitazama. Nilingoja asimame atoke, au anitukane. Akavuta sahani yangu, akachukulia kwamba sina njaa, akala maharage yangu yote polepole, kisha akasema, "Basi uende uruke muzuri, kaka. Usianguke kwa matako mbele ya batu." Kabla sijaondoka mama yake alileta kibuyu kidogo cha siagi, nipake magotini, kwa sababu alikuwa amesikia Ulaya kuna baridi kuliko ya Masisi na hakutaka kuamini.

Ulaya sitaisimulia sana. Wengi wameisimulia vizuri kuliko mimi. Nilikaa Ubelgiji kwenye chumba chenye vitanda vya chuma, peke yangu, nikala viazi na mkate, nikapaka siagi magotini mpaka mfagiaji akawa anafungua dirisha akiingia, kwa harufu yake. Siku ya mashindano bwana yule alinipeleka uwanjani, na nilipowaona warukaji nilisahau baridi. Walikuwa vijana kama mimi, wengine wafupi kama mimi! Walikuja mbio, wakaruka kutoka ardhi iliyo sawa, wakajigeuza hewani na kulala tumbo juu ya ufito, wakaangukia kwenye mchanga kwa mgongo na kwa ubavu, na hakuna aliyewacheka. Baada ya kila mruko mtu alikuja na kijiti chenye alama, akapima, akaita kwa sauti. Nilikuwa nimevaa kaptura niliyoshonewa na masista. Nilisimama nyuma ya mstari wao nikingoja jina langu, nikiruka ruka mahali pamoja ili damu isilale, na jina halikuja. Wakaanza kutoka mmoja mmoja. Wakabaki watatu. Ndipo ikatangazwa mapumziko, watatu wale wakafunikwa mablanketi, na bwana akanishika bega. "Sasa," alisema.

Walikuwa wameleta nguzo nyingine, za mti, zenye panda. Waliziweka mbele ya jukwaa kubwa. Mbele ya nguzo, upande wa kushoto, wanaume wawili walikuwa wanapigapiga udongo kwa sepetu, na nilipokaribia nilikiona. Kichuguu. Kimejengwa vizuri, urefu wake kiganja, umbo lake lile lile, kwa maana mmoja wao alikuwa ameshika picha ya Faustin na kuitazama kila mara. Ufito ulikuwa pale pale ulipokuwa Pasaka Muheto, juu ya kichwa cha Faustin, na juu kabisa ya kichwa changu. Spika ikasema maneno mengi, watu wakacheka kwa furaha. Nilimuuliza bwana lini nitaruka na wale wengine. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. "Unaruka hapa," alisema. "Watu wamekuja kuona mruko ule wa kwenu. Panda tu pale, uruke." Nilielewa hapo, nikiwa nimesimama kwenye majani, na maelfu ya watu wakiningoja. Sikuletwa kushindana. Hakuna aliyekuwa na kijiti cha kunipimia.

Hasira niliyoisikia sijaisikia tena, hata vitani. Ningeweza kupanda kichuguu kile, na labda ningepita, nani ajuaye. Sikukipanda. Nilirudi nyuma, nikakizunguka kwa makusudi ili kila mwenye macho aone, nikaja mbio upande wa kulia, kwenye ardhi iliyo sawa, kama wale wa mataifa. Niliruka kwa nguvu zangu zote. Niliupiga ufito ule kwa koo, ukaanguka na mimi nikaanguka nao, kwa matako. Wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa wema, wakicheka, na wale watatu wakatoa mablanketi yao wakaendelea.

Niliporudi nilikwenda Muheto moja kwa moja, kabla ya kumwona hata Frère Odilon. Huyo maskini, nilipomwambia baadaye, alichukua jembe lake akaenda kulima bustani ya shule mpaka giza. Nilimkuta Faustin jikoni kwa mama yake, nikamweleza yote, nikitembea huku na huku kati ya moto na mlango. Nilitaka akasirike pamoja nami. Nilihitaji mtu mmoja duniani akasirike nami. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ilikuwa upande gani?" Nikasema kushoto. "Urefu?" Nikasema kiganja. Uso wake ukafunguka polepole kama anavyokula. "Basi njo mimi balikuwa bananingojea," alisema. Yeye ndiye waliyekuwa wakimngojea! Akaanza kucheka, akaita mama yake aje asikie. Niliondoka bila kumaliza chakula. Hatukugombana, tulifundisha shule miaka mingi, yeye Muheto, mimi Buleusa, tukabatiziana watoto, tukatafutana wakati wa vita. Lakini Ulaya hatukuitaja tena kati yetu, na niliposikia kwa watu kwamba anaisimulia kwa wanafunzi wake, nilihisi nimeibiwa aibu yangu, na aibu ile ndiyo kitu pekee nilichorudi nacho.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyazungusha kichwani nyuma ya nyumba, mvuani, wakati binti yake, Imakulata, alipotoka kunitafuta. Ni mwalimu naye, na anatembea kama baba yake. "Papa Anselme, batu banakungojea useme neno," alisema. Nilimwambia nitasema, na nitawanyoosha vijana wake, maana baba yake hakukanyaga Ulaya hata siku moja. Alishangaa. "Lakini Papa hakusemaka hata mara moja alienda! Ile ni batoto banaongeza chumvi. Yeye alisemaka: kule Ulaya balinijengea kichuguu, bakaningojea. Halafu alisemaka juu yako." Nikauliza alisema nini juu yangu. "Alisemaka: Anselme alifika, akaikuta, bazungu bakamuambia panda, na akakataa. Kwa sababu kichuguu ilikuwa yangu, na mimi sikukuwa kule kumuambia panda. Akaizunguka mbele ya batu bote. Kila mwaka alitufundishaka ile darasani, Papa. Alisemaka, njo muntu mwenye heshima kupita bote alijua."

Miaka yote nilijua nimekizunguka kwa hasira. Yeye, ambaye mguu wake ulikitafuta mpaka mwisho, aliona rafiki aliyengoja ruhusa ya mwenye nyumba, ng'ambo ya bahari, wakati dunia nzima inamsukuma. Nililia, na sikugeuza uso. Imakulata akaninyooshea kidole upande wa pili wa ua, nyuma ya rundo la kuni, ambako sikuwa nimetazama. Kilikuwepo. Kila kiangazi baba yake alikuwa akileta udongo mpya na kukipiga tena, na wajukuu wake wanakirukia hadi leo. Kilikuwa kidogo, kimelowa, urefu wake kiganja.

Tulisogea mpaka pale. Nilisimama mbele yake na fimbo yangu, mtu mzima wa kulala mapema, magoti yasiyofaa hata kwa ngazi ya kanisa. Vijana wa chini ya hema walikuwa wametoka, na yule aliyeongeza mfalme alikuwa mbele yao. Imakulata alinitazama, na ndipo nilipokumbuka kwamba sasa yeye ndiye mwenye nyumba.

"Panda, Papa," alisema.

Nikampa fimbo, nikapanda kwa mguu wa kushoto.